Binti yangu anasema hesabu hakujaliwa

SWALI

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro, nina genge la mboga na mkaa hapa mtaani. Ninayekuandikia habari zake ni binti yangu wa kwanza. Yuko kidato cha pili, na mwezi wa 11 ana mtihani wa taifa.

Shule ya msingi alikuwa mtoto wa kawaida kwenye hisabati, si kipanga wala si kilaza. Alipoingia kidato cha kwanza ndipo mambo yakageuka. Kila kitu kikawa Kiingereza, halafu siku moja mwalimu akamwinua akafanye ubaoni hesabu ya namba hasi. Akakosea. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akamwambia, "Kaa chini, hesabu zina wenyewe." Zamani alikuwa akirudi ananiambia "mama, hesabu ile imenishinda". Siku hizi anasema "mimi hesabu sikujaliwa". Pepa ya hisabati anaandika jina, anagusa maswali mawili matatu, analala mpaka muda uishe. Ya mwisho alipata 11. Masomo mengine hana shida kabisa, Kiswahili na Historia yuko kwenye kumi bora.

Wenzake wamemwambia divisheni inatafutwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri, kwa hiyo hisabati unairuka na maisha yanaendelea. Ameshaamua.

Baba yake anataka tumpeleke tuisheni kila jioni mpaka kieleweke. Mama mkwe anasema tusimsumbue mtoto, amemfuata shangazi yake, ukoo wao hawana kichwa cha hesabu. Na mimi, kusema kweli, nimemwambia mara nyingi asijali, kwa sababu hata mimi mama yake hesabu zilinipiga chenga. Niliishia la saba, alama zenyewe sitaki kuzikumbuka. Siwezi kumsaidia. Kwanza usiku ndio muda wangu wa daftari la kikoba, mimi ndiye mweka hazina. Desemba tulipovunja nilikesha: hisa 3,100 za shilingi 2,000 kila moja, faida ya mikopo pamoja na faini 1,240,000, nikapata kila hisa imesimama 2,400. Mwenzetu mmoja mwenye hisa 140 akadai nimempunja, ikabidi nirudie yote mbele ya wanachama 25 mpaka akaridhika na 336,000 yake. Binti ndiye alikuwa ananisomea majina. Sasa mtu wa pilika hizo, vitabu vya sekondari atavishika saa ngapi?

Naomba unisaidie. Kweli kichwa cha hesabu ni cha kurithi? Nimwache aruke somo au nimlazimishe tuisheni? Na nikienda kwa mwalimu wake, si nitamharibia zaidi?

Mama wa genge, Morogoro

JIBU

Marahaba, mama.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Hisa 3,100 mara 2,000 ni 6,200,000. Ongeza 1,240,000 unapata 7,440,000. Gawa kwa 3,100, kila hisa 2,400. Mwenye hisa 140 anaondoka na 336,000. Hakuna hata shilingi iliyopotea njiani. Na sentensi chache kabla ya hapo umeniandikia kwamba hesabu zilikupiga chenga.

Tuanzie hapo hapo, kabla ya tuisheni na kabla ya mwalimu. Usiku ule binti yako alikaa ubavuni pako anasoma majina. Alimwona mama yake akigawa milioni saba na ushee kwa uwiano. Alimwona mtu mzima akilikataa jibu, na akakuona ukirudi mwanzo, hatua baada ya hatua, mbele ya watu, mpaka yule aliyekataa akakubali. Hiyo ndiyo hisabati yenyewe, mama, na hasa kile kipande cha mwisho. Jibu hata simu inalitoa. Kumthibitishia asiyekuamini kwamba jibu haliwezi kuwa jingine, hiyo ndiyo kazi wanayoifanya wanahisabati wa vyuo vikuu mpaka wanazeeka. Uwiano, faida na hasara, riba, yote hayo yamefundishwa kidato cha kwanza miaka na miaka. Lakini kulipokucha nyote wawili mliendelea kuamini kwamba yale yalikuwa "mambo ya kikoba", na kwamba hisabati ni ile ya ubaoni ambayo mtu akikosea anachekwa.

Hamko peke yenu. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha habari za watoto wachuuzi wa Recife, mji wa pwani ya Brazili. Waliwaendea sokoni kama wateja. Mtoto mmoja wa miaka 12 alikuwa anauza nazi, moja cruzeiro 35. Akaulizwa kumi ni bei gani. Hakuongeza sifuri kama tunavyofundisha shuleni. Alikwenda kwa mafungu ya nazi tatu: tatu ni 105, tatu tena 210, zimebaki nne, akafika 315, mwisho akasema 350. Baadaye watoto wale wale walikalishwa chini na karatasi, wakapewa hesabu za aina ile ile bila nazi wala mteja. Sokoni walikuwa wamepatia asilimia 98. Kwenye karatasi wakapatia asilimia 37.

Akili yao haikuwa imebadilika kati ya soko na karatasi. Kilichobadilika ni nafasi waliyokalishwa: pale wachuuzi wanaojua kazi yao, hapa watahiniwa. Ila usiisome habari hii kwa furaha tu, maana inakata pande zote mbili. Mtoto anayejua chenji hafaulu pepa kwa sababu hiyo peke yake. Kutoka gengeni hadi kwenye daftari la shule kuna daraja la kujenga, nami nitalifikia.

Sasa hilo la kurithi. Watu hawalingani kasi, sitakuficha; yupo anayeshika upesi na yupo anayechelewa. Lakini mwaka 2023 waliofaulu hisabati kidato cha nne nchini walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Tukisema kichwa cha hesabu ni damu, basi itabidi tuseme koo tatu katika kila nne za Tanzania hazina damu hiyo, na hapo hata mama mkwe, kwa heshima zote, atatuona tumechanganyikiwa. (Huyo shangazi mwenyewe ningependa kujua anafanya biashara gani. Sitashangaa nikisikia anakopesha.)

Ninachokiona mimi ni kwamba maneno ya watu ndiyo yanayorithiwa haraka kuliko kichwa. Anna Sfard na Anna Prusak, watafiti wa elimu ya hisabati, waliandika mwaka 2005 kwamba utambulisho wa mwanafunzi ni simulizi zinazosimuliwa juu yake, nao wakazipanga kwa kutazama msemaji na msikilizaji: zile anazosimulia mwenyewe, zile anazoambiwa usoni, na zile ambazo watu wanaambiana habari zake. Nyumbani kwako zipo zote. "Hesabu zina wenyewe" aliambiwa usoni. "Amemfuata shangazi yake" inasemwa juu yake, naye yupo chumba cha pili anasikia kila neno. "Sikujaliwa" anasimulia mwenyewe, baada ya hizo mbili kumkaa vizuri. Angalia pia tofauti uliyoiona wewe mwenyewe bila kuisemea: mwanzo alikuwa anasema habari za hesabu moja iliyomshinda, sasa anasema habari zake yeye. Hesabu moja unaweza kuirudia kesho. Kujaliwa utakurudia vipi?

Na ile "usijali mwanangu, hata mimi zilinipiga chenga" imo humo humo. Najua uliisema kwa huruma. Yeye alichosikia ni kwamba hata mama amekubali. Iache leo. Usiseme kinyume chake pia, usimwambie "wewe una akili sana", maana mtoto mwenye 11 atajua unamfariji tu. Nyamaza, halafu fanya haya ninayokuambia.

Umesema huwezi kumsaidia. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa watoto wa madarasa ya kwanza na ya pili, uliona kwamba mzazi mwenye hofu ya hesabu akimsaidia mtoto kazi za nyumbani mara kwa mara, mtoto huyo anajifunza kidogo na hofu inampanda. Mzazi mwenye hofu ile ile asiyejiingiza sana, mtoto wake haathiriki hivyo. Wako ni mkubwa kuliko wale, lakini funzo lipo: usikae naye mezani ukijifanya mwalimu huku moyo unakudunda. Kuna nafasi nyingine inayokufaa zaidi. Uwe yule mwanachama aliyedai amepunjwa.

Namna yake ni hii. Achukue swali moja la kidato cha kwanza, moja tu, tena lile analodhani analiweza. Alisome kwa Kiingereza, kisha akueleze kwa Kiswahili linataka nini. Usikubali mpaka umeelewa. Akishamaliza akufanyie huku anaongea, na wewe umkatize kama yule mama alivyokukatiza: hapa umetoa wapi hii? Kwa nini umegawa badala ya kuzidisha? Huhitaji kulijua jibu. Unahitaji ubishi tu, na ubishi wa mweka hazina unao. Atakwama mara nyingi, na pale anapokwama ndipo penye shimo. Aweke alama ya kalamu nyekundu hapo. Mara nyingi mtu akieleza kwa sauti hulivumbua kosa lake mwenyewe kabla hujamuuliza. Robo saa inatosha, mara mbili tatu kwa wiki, hata wewe ukiwa unachambua mchicha.

Nasisitiza mashimo kwa sababu kuna ushauri mwingi siku hizi wa kumwambia mtoto ajiamini, basi. Mtoto wa 11 ana vitu ambavyo kweli havijui, na kujiamini hakuvijazi. Nikibahatisha, kwako viwili vinatangulia: namba hasi, na lugha. Alitoka shule ya msingi anajua KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), akaingia sekondari akakuta kila kitu kimebadilishwa jina, akadhani ni vitu vipya. Apige mstari katikati ya ukurasa, upande huu neno la Kiingereza, upande ule lile alilolijua darasa la sita. Atashangaa ni mangapi anayajua.

Namba hasi zenyewe mna kitabu chake hapo nyumbani. Mwanachama anadaiwa 3,000, akakopa tena 5,000: kutoa tatu, toa tano, ni kutoa nane. Hapo hata mtoto wa la nne anakubali. Kinachowashinda wengi ni kutoa mara kutoa kuwa kujumlisha, kwa sababu wanakaririshwa tu. Chukua mwanachama aliyeandikiwa kimakosa faini ya 5,000 mara tatu. Mkaguzi akigundua, anazifuta zote tatu. Umeondoa, mara tatu, kitu ambacho ni hasi 5,000, na salio la yule mama limepanda 15,000. Limepanda. Mpe mfano huu binti yako bila kumwambia unahusu nini, uone kama hataufikisha mwenyewe kwenye swali lililomfanya achekwe darasani.

Nikisema mkaguzi simaanishi mfano tu. Mwaka huu kabla ya kila kikao mpe daftari, akague jumla zako, na mkikubaliana aweke sahihi yake pembeni. Wanachama wajue nani amekagua. Akikukamata umekosea, afadhali zaidi, na useme mbele yao kwamba yeye ndiye aliyeliona. Sitaki apewe mazoezi yaliyovikwa nguo za kikoba; nataka apewe kazi ambayo asipoifanya vizuri kuna mtu atakosa hela yake. Na nakuomba sana, usimgeukie siku ya kwanza ukasema "umeona sasa, hii ndiyo hesabu!" Vijana wa umri huo wakinusa hotuba wanafunga mlango. Akae nayo miezi miwili. Baadaye, kwenye zile robo saa zenu, mwulize: hisa moja ikiwa 2,400, mtu mwenye hisa h anapata ngapi? Akijibu, aljebra ameshaanza, hiyo hiyo inayomlaza kwenye pepa.

Kuna kisa ninachopenda kuwasimulia wasichana. Maryam Mirzakhani alizaliwa Tehran, Iran, mwaka 1977. Alipoingia shule ya kati, kama umri wa wako alipoanza sekondari, mwalimu wake wa hisabati hakumwona ana kipaji, naye akaacha kulipenda somo na alama zikashuka. Mwaka uliofuata akapata mwalimu mwingine aliyemtia moyo, akapanda sana. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza duniani kupewa nishani ya Fields, ambayo kwa wanahisabati hakuna iliyo juu zaidi kwa heshima. Alifariki mwaka 2017. Simaanishi binti yako atafika huko, wala si lazima. Ninachotaka akione ni kwamba hata yule aliyekuja kuwa Mirzakhani, mwaka mmoja na mwalimu mmoja vilitosha kumfanya ajione si wa hesabu.

Tuisheni. Baba ana nia njema, lakini kabla ya kulipa aende akachungulie. Akikuta watoto wamebanana wananakili kutoka ubaoni huku mwalimu anakimbiza mada, hela hiyo ibaki nyumbani; mtoto atapata jioni kile kile kinachomkimbiza asubuhi. Kijana mmoja wa chuo, mara mbili kwa wiki, pamoja na binti na rafiki yake mmoja au wawili, ambaye atakubali kuanzia kwenye zile alama nyekundu na kuwaacha waongee, huyo mlipeni. Kila jioni hapana. Ana Historia yake anayoipenda, msimnyang'anye.

Kuhusu kuruka somo, wenzake hawakumdanganya: divisheni ya kidato cha nne inahesabiwa kwa masomo saba bora. Ndiyo maana wengi wanalizika hisabati mapema. Ila wasichomwambia ni kwamba kuna kozi na vyuo vinavyotazama alama ya hisabati yenyewe, wala havijali divisheni yako ni ngapi, na kwamba hata wanaokwenda kidato cha tano kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia wamekuwa wakikutana na hisabati nyingine huko huko. Kutoka 11 kwenda 30, ambapo D inaanzia, ni safari ya kweli lakini si ya miujiza. Nimeona wengi wakiifanya kwa mwaka. Kwa hiyo mwezi wa 11 akae mtihani wote, asilale. Akifika kidato cha nne anajua uwiano wake, anajua aljebra yake, halafu akasema moyo wake uko kwenye Historia, mpeni baraka. Huyo atakuwa amechagua. Wa sasa anakimbia kicheko.

Kwa mwalimu nenda, ila usiende na yale maneno ya "hesabu zina wenyewe". Alishayasahau, na ukimkumbusha atajitetea, mwisho wake binti ndiye atakayeyalipia. Nenda siku ya kawaida, peleka daftari lenye alama nyekundu, umwonyeshe mtoto anajaribu kufanya nini nyumbani. Mwenye darasa la watoto mia na zaidi usimwombe mengi. Mwombe mawili. La kwanza, akisahihisha kazi ya binti, azungushe mstari ule ambapo hesabu ilianza kupotea, badala ya kupiga mkasi kwenye jibu peke yake. La pili, asimwinue ubaoni kwa kushtukiza. Akitaka afanye swali mbele ya darasa, amwambie jana yake ni swali lipi. Usiku huo mtakaa, wewe utabisha mpaka umechoka, naye kesho yake atakwenda kulisimamia. Mwalimu akikataa, tafuta mwalimu wa malezi hapo shuleni, au mwalimu mwingine yeyote wa hisabati aliye tayari, na umpelekee ombi hilo hilo.